Hii Namba Mulinipa ya Nini?

Januari 2022, wakati serikali ya Kenya ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, mimi nilihamishwa kutoka kukata risiti za maegesho nikapelekwa meza ya malalamiko ya barabara, hapa Mombasa. Meza yenyewe ilikuwa na mguu mmoja mfupi uliotegemezwa kwa tofali la kabro. Juu yake palikuwa na simu, daftari jeusi kubwa kama la msajili wa ndoa, na kompyuta iliyozimika kila mvua iliponyesha. Bwana aliyekuwa akistaafu alinikabidhi ufunguo wa droo, akafunga mkoba wake, akanambia maneno matatu: "Usiwape namba yako."

Ramadhani ya mwaka ule ilipoingia, mapema Aprili, namba yangu ilikuwa imefika Kisauni, Likoni, Jomvu na kila penye shimo.

Majuzi binamu yangu amepata kazi ya namna hiyohiyo katika mji mwingine wa Pwani, akaniuliza aanzie wapi. Nilianza kumjibu kwa sauti za WhatsApp. Zilipofika ya kumi na moja nikaona heri niandike, wasome na wengine. Idara sitaitaja. Makosa mengi nitakayosimulia ni yangu mwenyewe, na yaliyobaki ni ya watu tuliokunywa chai pamoja.

La kwanza nililifanya siku ya pili. Mtu alipiga simu: lami imekatika, shimo kubwa, "pale kwa mbuyu, Kisauni." Nikaandika vilevile: Kisauni, kwa mbuyu. Mtu aliyezaliwa Mombasa hapa ashaanza kucheka. Lori likatoka na vibarua sita na lami ya moto nyuma. Mbuyu wa kwanza, hapana shimo. Mbuyu wa pili, shimo lipo, lakini ni la mtu anayejenga choo. Kwenye mbuyu wa tatu walimkuta mzee akawaambia kuwa mbuyu wanaoutafuta ulikatwa zamani, limebaki jina. Ilipofika saa tisa lami imeshapoa na kushikana, haifai tena kazi. Nyapara wa kikosi alirudi, hakunigombeza. Aliweka bonge la ile lami juu ya daftari langu, taratibu, kama mtu aliyeleta zawadi, akaenda zake kuswali Alasiri. Doa lake halikutoka kwenye ukurasa ule.

Tokea siku hiyo swali langu la kwanza kwa kila mtu likawa: uko wapi sasa hivi, na ukisimama hapo unaona nini? Msikiti upi, duka la rangi gani, mlango wa nani. Nguzo ya umeme ikiwa na namba, nisomee. Habari ya shimo lenyewe nikaiuliza baadaye. Mwenye simu ya kisasa nilimwomba anitumie alipo kwa ramani, na picha mbili: moja ya karibu, moja ya kutoka ng'ambo ya barabara ionyeshe majirani. Picha ya karibu peke yake haisaidii. Shimo ukilipiga picha kwa karibu, la Mikindani na la Tudor ni mapacha.

Kisha kuna suala la barabara ni ya nani. Mwananchi halijali suala hili na ana haki yake, ila wewe uliyekaa mezani usipolijua utawapotezea watu wiki nzima. Sheria ya barabara ya 2007 ilizaa mamlaka tatu za kitaifa: KeNHA ya barabara kuu, KURA ya mijini, KeRRA ya mashambani. Halafu Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ikazipa kaunti barabara zao pamoja na taa za barabarani. Ukisoma ni rahisi. Ukishuka mtaani, barabara ya kwenda Malindi ni ya KeNHA, kichochoro kinachoingia kando yake ni cha kaunti, bomba lililopasuka katikati ni la kampuni ya maji, na nguzo iliyoinama ni ya watu wa umeme hali taa iliyoning'inia juu yake ni ya mwingine. Bomba likivuja wiki mbili, maji yanaingia chini ya lami, udongo unalainika, tairi za matatu zinamalizia. Simu inalia kwangu.

Miezi ya mwanzo nilikuwa nikijibu, "Hiyo si yetu, kaka, piga kule." Nilijiona mkweli. Siku moja nikaamua kufuata ushauri wangu mwenyewe, nikapiga "kule" kwa niaba ya kinyozi mmoja wa Magongo. Nilizungushwa ofisi nne kwa siku mbili, salio la shilingi 200 likaisha, na mtu wa mwisho, kwa adabu nyingi, akanipa namba ya meza yangu.

Baada ya hapo nilitafuta katika kila ofisi mtu mmoja tu anayepokea simu. Cheo hakikunihusu, wengi wao walikuwa makarani kama mimi. Lalamiko lisilo letu nikalipeleka mwenyewe, nikaomba namba yao ya kumbukumbu, nikamrudishia mlalamishi pamoja na jina la ofisi. Dakika kumi za ziada. Kama unaanza kazi hii leo, wiki ya kwanza itumie kutafuta watu hao kabla hujagusa kompyuta.

Sasa nije kwa jambo lenyewe.

Majengo palikuwa na mama mmoja anayeuza mbaazi na mahamri. Mbele ya mlango wake unapita mtaro. Zamani ulikuwa na vifuniko vya chuma, vikaibwa vikauzwa kwa kilo, vikawekwa vya zege. Kimoja kikakanyagwa na lori la mchanga kikavunjika vipande viwili na kuzama. Siku ya tatu ya mfungo alikuja ofisini kwa miguu. Nikamwandikia namba ya lalamiko kwenye kijikaratasi, nikamwambia tutashughulikia, naye akanishukuru.

Daftari letu lilikuwa na safu mbili: "imepokewa" na "imeshughulikiwa." Kila Jumatatu kwenye kikao husomwa asilimia. Mimi nilipeleka karatasi kwa mhandisi, nikarudi mezani, nikatia alama safu ya pili. Sikudanganya, au ndivyo nilivyojiambia: sehemu yangu nimeshaimaliza. Kila karani aliyenitangulia alifanya hivyo. Asilimia yangu ilipanda, nikasifiwa mbele ya watu, na nikiri kwamba nilifurahi.

Siku ya ishirini na moja ya mfungo mama akarudi. Alikuwa na mjukuu wake wa kiume, umri wa miaka minane hivi, kidevu kimefungwa bandeji. Alikuwa ametumwa na bakuli la mbaazi kwa jirani karibu na Magharibi, mvua imenyesha, maji yamefunika mtaro, na pengo halikuonekana. Nyuzi nne.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akakaa. Akafungua pindo la leso, akatoa kile kijikaratasi. Kilikuwa kimeingia mafuta, lakini mwandiko wangu ulisomeka. "Hii namba mulinipa ya nini?"

Nikafungua daftari. Ningeweza kulifunga, lakini mama alikuwa anajua kusoma na tayari alikuwa ameinama. Aliifuata safu kwa kidole mpaka kwenye alama.

"Imeshughulikiwa," akasoma. "Nani aliyeishughulikia?"

Mwandiko ulikuwa wangu. Nikamjibu, "Mimi."

Hakuongeza neno. Yule mtoto alikuwa anachezea lile tofali la kabro chini ya meza kwa ncha ya kiatu. Nilimpa mama shilingi 1,000 za dawa. Alizikataa, kisha akachukua 500. Wenzangu waliniambia baadaye kuwa kutoa pesa ni kukiri kosa. Niliwajibu kuwa kosa lenyewe ninalo.

Nilikwenda kwa mhandisi jioni ileile. Karatasi yangu ilikuwa pale, katika rundo la zinazongoja saruji. Hakuipuuza wala hakuipoteza. Ila hakuna aliyerudi kumuuliza, na yeye alikuwa na mia kama hiyo. Kifuniko kilimwagwa zege wiki iliyofuata. Tatizo la wiki tatu lilikuwa mfuko mmoja wa saruji na mtu wa kusema "ile ya Majengo mtoto ameshaanguka."

Usiku ule nilipiga mistari mipya kwa rula. Safu tano: imepokewa, imeonwa, yaani kuna mtu wetu amekwenda akasimama pale, inangoja nini, imefanywa, mwenyewe kakubali. Hiyo ya mwisho sikuruhusiwa kuijaza mpaka nimpigie mlalamishi na aseme kwa mdomo wake. Asilimia yangu ilianguka vibaya mno. Kwenye kikao cha Jumatatu niliulizwa kama nina matatizo nyumbani.

Safu niliyoidharau wakati naichora, ile ya "inangoja nini," ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote. Unaandika neno moja: saruji, kifuniko, kibali, lori, bajeti, jua. Ndiyo, jua, kwa sababu shimo lenye maji ukilijaza lami ni sawa na kuibandika juu ya sabuni. Linatakiwa likatwe kingo zake wima, litolewe uchafu, likauke, lipakwe lami nyepesi, ndipo lijazwe na kushindiliwa. Wakati wa masika tulikuwa tukitia kokoto tu kwa muda, na watu wakatutukana kwamba tunafukia pesa. Nilipoanza kuwaeleza ni kwa nini, matusi yalipungua. Hayakuisha. Kufikia Juni nilihesabu wanaongoja "kifuniko" peke yao, nikampelekea mhandisi ukurasa mmoja. Mwaka wa fedha ulipoanza Julai 1 aliagiza vimwagwe vingi kwa pamoja badala ya kimoja baada ya kingine.

Hapo niliona kuwa neno lililoniponza ni "tutashughulikia." Ni neno laini, halimkati mtu moyo, na halimwambii kitu. Nilijilazimisha kujifunza kusema hapana, na kwa mtu wa Pwani aliyelelewa kutomrudisha mgeni mikono mitupu, hilo lilinichukua miezi. "Ammi, barabara yenu haimo kwenye mpango wa mwaka huu." Kimya kwenye simu. Kisha swali la maana: "Basi tufanyeje imo?"

Jibu lake watu wengi hawalijui. Kujaza shimo ni kazi ya matengenezo, lalamika siku yoyote. Kutia lami mtaa mzima au kujenga mtaro mpya ni mradi, na mradi huingia kwa kalenda. Kwa sheria ya fedha za umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti hufika huko kufikia Aprili 30. Watu hunipigia Mei, maji yakiwa magotini. Mei milango mingi imeshafungwa. Anayetaka mtaro apige kelele Julai na Agosti, vumbi likiwa linatimka na hakuna anayekumbuka mvua, kwenye mikutano ya maoni na kwa mwakilishi wadi wake. Nilimweleza hivyo mzee mmoja wa Mshomoroni. Akanambia, "Sasa mbona hamkusema mapema, yakhe?" Sikuwa na jibu.

Kulikuwa na walioijua njia bila kufundishwa. Mkazi mmoja wa upande wa Nyali alileta barua iliyopigwa chapa, akitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Aliuliza ni lini barabara yake ilikaguliwa mara ya mwisho. Ofisi nzima ilikaa wima na akajibiwa kabla ya siku kumi. Sikumlaumu, nilitoa nakala ya mtindo wa barua ile, bila jina lake, nikaanza kuwapa wengine.

Lakini barua ile ilinifanya nilitazame daftari kwa jicho jingine. Nilihesabu malalamiko ya miezi mitatu kwa kila wadi, wadi zote 30. Mitaa yenye lami nzuri ndiyo iliyolalamika zaidi. Mtongwe kidogo sana. Bangladesh, kule Jomvu, karibu hakuna. Daftari langu lilikuwa linachora ramani ya wenye bando, na vikosi vyetu vilikuwa vinaifuata ramani hiyo. Kila siku tulikuwa tunatengeneza barabara za watu wanaojua kuandika barua.

Nikaomba kupanda lori la nyapara kila Alhamisi, twende kusikotulilia. Ilikubaliwa kwa shingo upande. Tulitembea na wazee wa mitaa, nikaacha daftari dogo kwenye vibanda vitatu vya wauza mboga ili asiye na salio aandike. Kimoja waliliandikia madeni ya sukari. Viwili vilifanya kazi.

Huyo nyapara amekulia Mtongwe kwenye ngalawa, na alinifunza jambo ambalo hakuna semina ingenifunza. Nilikuwa nikilalamika kuwa mitaro ya kisiwani inafurika hata siku za manyunyu tu. Akaniuliza, "Dada, wazitazama siku za mwezi?" Tukafungua daftari pamoja. Simu za mafuriko zilikuwa zimejikusanya kwenye bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji ya bahari hapa hupanda na kushuka kwa tofauti inayokaribia mita 4 wakati wa bamvua, na mtaro unaomwaga baharini mdomo wake ukishafunikwa na maji kujaa, maji ya mvua hayana pa kwenda. Kuzibua wakati huo ni bure. Tukaanza kuzibua siku za maji mafu, bahari isipopanda sana, kabla ya bamvua. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017, kinachoziba zaidi ni chupa, na kwetu sisi, makumbi ya madafu. Kikosi kilitoa mtaro mmoja tu makumbi yaliyojaza mkokoteni. Mvua za El Niño zilipokuja mwisho wa 2023 bado tulifurika, nisidanganye. Lakini niliweza kuwaambia watu maji yatapungua saa ngapi, na mtu anayejua saa ya maji kupwa hainui magodoro mara mbili.

Kuhusu namba yangu ya simu, yule bwana aliyestaafu alikuwa na haki. Niliingizwa kwenye vikundi tisa vya wakazi. Usiku mmoja saa nne, nimechoka, niliandika "kesho asubuhi kikosi kitakuwa hapo." Asubuhi lori likagoma kuwaka. Picha ya maneno yangu ilizunguka mpaka kwa wakubwa, nikaitwa kujieleza. Wengine walipiga saa saba za usiku kuniambia taa imezimika, kana kwamba ningepanda nguzo nikiwa na dera. Mume wangu alivumilia, kisha akaacha kuvumilia. Nilinunua laini ya pili, ikafungwa saa kumi na moja jioni, na nikajitoa kwenye vikundi vyote isipokuwa viwili ambako nilimwachia katibu wao kazi ya kukusanya. Nasikitika sikufanya hivyo mwezi wa kwanza. Nyumbani nimelilipa deni hilo kwa muda mrefu.

Na mama wa mbaazi? Kifuniko chake kiliwekwa Alhamisi. Niliandika "imefanywa," nikampigia nijaze safu ya mwisho. Akasema kizuri, Mungu awape nguvu, ila hakikukaa sawa. Kila mkokoteni ukipita chalia ngo, ngo, usiku kucha, na mjukuu hulala dirishani. Nikaiacha safu wazi. Vijana walikwenda wakatia mchanga chini ya kingo, mvua ikauchukua. Wakatia saruji, tuktuk ikakikanyaga kabla haijakauka. Safu ile ilikaa wazi mpaka Novemba, na kila Jumatatu iliposomwa watu walicheka. Mwishowe nyapara alikwenda mwenyewe na kipande cha tairi kuukuu, akakikata kwa kisu kama anayepima nguo, akakilaza chini ya kifuniko pande zote nne, akakiruka juu mara tatu.

Alijioni simu ililia. "Sasa kimenyamaza," mama akasema, akakata.